Kwenda Ijumaa, Kurudi Jumapili

Ukifika Sonatube, Kigali, barabara inakutaka uchague. Moja inaelekea Giporoso na uwanja wa ndege wa Kanombe. Nyingine inashika Kicukiro Centre, inapita Nyanza, inateremka Gahanga, inavuka Nyabarongo, inakatisha Nyamata na kuishia Nemba, mpakani na Burundi. Sisi tuliokulia Kicukiro tulijua tangu utotoni kwamba hizo ndizo njia zetu mbili za kwenda ugenini, na kwamba haziko sawa. Aliyepita Kanombe alisindikizwa na ukoo mzima, akaombewa, akapigwa picha na masanduku yake, akaliliwa. Aliyepita Nemba hakuaga mtu. Wakubwa zetu walitoka kazini Ijumaa, wakapanda basi, usiku wakawa Bujumbura. Jumapili jioni wamerudi, mchanga wa Tanganyika umo viatuni, wanasimulia samaki wa mukeke wa kuchoma waliokula ufukweni. Hakuna aliyewauliza walifuata nini. Walikwenda kutembea, basi.

Sasa njia hizo zimebadilishana sifa. Burundi ilifunga mipaka yake ya nchi kavu na Rwanda mwezi Januari 2024, na haikuwa mara ya kwanza kwa mpaka ule kufungwa. Kumwona shangazi aliyeolewa Bujumbura kumekuwa jambo la kupangwa miezi, kwa kuzunguka nchi nyingine. Lakini mimi, ninayesoma Mainz, Ujerumani, na kuosha vyombo mgahawani jioni ili nipate kodi, naweza kunywa chai katika nchi moja na kula mchana katika nyingine, na hakuna atakayenigongea muhuri. Ndivyo nilivyokwenda Brussels mwezi Mei 2025, Ijumaa hadi Jumapili, na mkoba mmoja mgongoni.

(Uwanja mpya wa ndege unajengwa Bugesera, kwenye barabara ileile ya Nemba. Ukikamilika, wanaoruka na wanaopanda mabasi ya Burundi watafuata njia moja, ikiwa mabasi yenyewe yatakuwa yanakwenda.)

Mainz si mahali pa ajabu kumkuta Mnyarwanda. Ni makao makuu ya jimbo la Rheinland-Pfalz, lililochanjiana udugu na Rwanda mwaka 1982, na tangu hapo shule, parokia na halmashauri za huku na kule zimekuwa zikiandikiana barua na kutembeleana. Ukisema unatoka Kigali, bibi wa dukani anaweza kukujibu kwamba kwaya yao iliwahi kwenda Butare, na kukuuliza habari za padri fulani kana kwamba nchi nzima ni ua mmoja.

Katika bweni letu, kila Ijumaa alasiri korido hujaa mlio wa magurudumu ya masanduku madogo. Mhispania anakwenda Prague, Mpoland anakwenda Paris, mwingine Amsterdam. Jumapili usiku tunakutana jikoni. Prague ilikuwaje? Nzuri, bia rahisi. Kisha mtu anachemsha tambi zake na mazungumzo yanahamia kwenye mtihani. Kwetu mtu aliyeiona Prague angesimulia mpaka wajukuu wakimbie. Wepesi ule ulinishangaza na bado unanishangaza, na katika mali zote za watu hawa, ndio ninaouonea wivu zaidi, kuliko treni zao, hata kuliko hospitali zao. Mji unaoweza kurudiwa wiki ijayo hauhitaji kumalizwa. Unaweza kuuona nusu, ukalala hadi saa tano, ukaondoka bila kujifunza kitu, na usiwe umepoteza chochote.

Wepesi huo una tarehe ya kuzaliwa. Tarehe 14 Juni 1985, Ubelgiji, Ufaransa, Luxembourg, Uholanzi na Ujerumani Magharibi zilitia saini mkataba ndani ya meli iitwayo Princesse Marie-Astrid, katika mto Moselle, kwenye kijiji cha Schengen huko Luxembourg, pale ambapo nchi tatu zinagusana. Ilipita karibu miaka kumi mingine, hadi Machi 1995, ndipo ukaguzi ulipoondolewa kweli. Moselle hiyohiyo inamwaga maji yake katika Rhine pale Koblenz, na treni yangu ilipita hapo saa ya jua kuzama. Nilikuwa na tiketi ya mwezi ya euro 58, inayokuruhusu kupanda treni za mikoa Ujerumani nzima. Zile za kasi unaziona zikikupita tu. Koblenz, Köln, Aachen, halafu tiketi nyingine: Liège, Brussels. Mpaka wenyewe niliutambua kwa simu. Ilitoa mlio, mtandao mpya ukanikaribisha Ubelgiji.

Kwetu nako karatasi nzuri hazikukosekana. Mwaka 1976 Rwanda, Burundi na Zaire ziliunda jumuiya ya CEPGL, makao yake Gisenyi, na wazazi wetu wakavuka kwa kibali chake. Rwanda na Burundi ziliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki siku moja, 1 Julai 2007. Itifaki ya soko la pamoja, ambayo inasema wazi kwamba watu waende na kurudi kwa uhuru, ilianza kutumika 1 Julai 2010. Tangu 2014 Mnyarwanda, Mkenya na Mganda wanaweza kutembeleana kwa kitambulisho cha taifa, bila pasipoti. Yote hayo yameandikwa, yametiwa saini, yamepigiwa makofi. Na bado Gatuna, lango letu la kwenda Kampala, lilifungwa Februari 2019 likafunguliwa 31 Januari 2022. Mimi ujirani wa nchi naupima kwa wikendi: je, mtu asiye na fedha wala cheo anaweza kwenda Ijumaa na kurudi Jumapili bila kuandika sababu kwenye fomu? Mikutano ya marais nawaachia wanaoipenda.

Waswahili wa mwanzo walioandika juu ya miji ya Ulaya hawakuwa na wikendi. Mwaka 1896 Salim bin Abakari, mtu wa Ngazija, alifuatana na bwana wake Mjerumani hadi Urusi na Siberia, na habari yake ikachapishwa na Carl Velten mwaka 1901 katika mkusanyiko wa safari za Waswahili. Kabla yake Amur bin Nasur wa Unguja alikuwa akifundisha Kiswahili Berlin, naye akaandika aliyoyaona. Waliona mengi, na walisimulia vizuri kuliko sisi tunaopiga picha. Ila tarehe ya kurudi ilikuwa mfukoni mwa mtu mwingine. Msafiri wa namna hiyo hutazama kila kitu kwa bidii, kama mtu aliyeazimwa darubini na anajua mwenyewe yuko mlangoni.

Mimi nilikwenda kusuka nywele.

Hilo linahitaji maelezo kwa asiyeishi katika mji mdogo wa Ulaya. Mikono inayokijua kichwa changu ni haba Mainz, na bei zake ni za kumfanya mtu anyoe. Brussels kuna Matonge, kipande cha Ixelles karibu na Porte de Namur, kilichopewa jina la mtaa wa Kinshasa na wanafunzi wa Kongo waliopanga hosteli maeneo hayo tangu miaka ya sitini. Nyuma ya wanafunzi wakaja wauza kitenge, wauza samaki wakavu, vinyozi, wasusi. Mwanafunzi wa Kiafrika aliyeko Köln, Mainz au Lille akisema anakwenda Brussels, mara nyingi maana yake ni kichwa, unga wa muhogo na ndagala.

Wenzangu wa bwenini walikuwa na mipango mingine kwa ajili yangu. Waliposikia natoka Rwanda na nakwenda Brussels, kila mmoja alinipa wajibu. Lazima niende makumbusho ya Afrika. Lazima niione sanamu ya Leopold wa Pili, ile iliyomwagiwa rangi mwaka 2020. Lazima niandike nilivyojisikia. Hakuna aliyempa Mhispania wajibu wowote kuhusu Prague. Mama, kwa simu kutoka nyumbani Niboye, Kicukiro, alikuwa na neno fupi zaidi: niende nikatembee, deni la Wabelgiji lisiwe mzigo wa mtoto mwenye siku mbili.

Deni analolisema liko mwendo wa miguu kutoka nyumbani. Aprili 1994, katika mauaji ya kimbari, watu zaidi ya 2,000 walikuwa wamekimbilia ETO, shule ya ufundi ya Kicukiro, kwa sababu askari wa Ubelgiji waliokuwa chini ya Umoja wa Mataifa walipiga kambi humo. Tarehe 11 Aprili askari wa Ufaransa walifika kuwahamisha wageni. Wenye pasipoti za kwao wakapanda malori. Kisha Wabelgiji nao wakawasha magari wakaenda zao uwanja wa ndege, na wauaji waliokuwa wakisubiri nje ya uzio wakaingia. Baadhi ya walioachwa walitoka kwa miguu wakitaka kufika uwanja wa michezo wa Amahoro. Wakasimamishwa karibu na Sonatube, wakageuzwa, wakaswagwa hadi Nyanza, wakauawa huko. Waziri Mkuu Guy Verhofstadt alikuja Kigali Aprili 2000 akaomba radhi kwa niaba ya Ubelgiji. Na mwezi Machi 2025, majuma machache kabla ya safari yangu, Rwanda ilivunja uhusiano wa kibalozi na Ubelgiji na kuwapa wanadiplomasia wake saa 48 za kuondoka.

Haya kila mtoto wa Kicukiro anayajua bila kupelekwa makumbusho. ETO leo ni chuo cha ufundi, vijana wanaingia na kutoka na vifaa vyao, na kila tarehe 11 Aprili tunapanda Nyanza kwa matembezi ya kumbukumbu. Hasa kwa sababu tunayajua, nadhani mtu wa Kicukiro ana haki ya kwenda Brussels kwa ajili ya kichwa chake tu. Kama mji ule uliwahi kuamua mambo yetu yote, kuanzia 1916 hadi 1962, pamoja na kilichoandikwa kwenye vitambulisho vya babu zetu, basi usiamue pia nitakachofanya Jumamosi.

Saluni niliyoelekezwa ilikuwa ndani ya Galerie d'Ixelles, ule ujia wa maduka unaounganisha barabara mbili. Kuta zilijaa pakiti za rasta kuanzia nyeusi hadi rangi ya chungwa. Viti vinne, feni moja, birika la maji ya moto la kuchovyea ncha, televisheni inayocheza nyimbo za Kinshasa bila sauti, na mtoto wa kiume aliyekuwa akifanya hesabu za shule sakafuni katikati ya nywele zilizokatwa. Wanawake walizungumza Kilingala kwa kasi. Msusi wangu, mama wa makamo mwenye miwani iliyofungwa kwa kamba, alinisikia nikihangaika na Kifaransa changu cha darasani, akaniokoa kwa Kiswahili cha Kivu.

"Unatokea fasi gani, mwana?"

"Kigali, mama."

"Kigali fasi gani?"

"Kicukiro."

Vidole vilisimama. Bukavu, kwao mashariki mwa Kongo, iliingia mikononi mwa waasi wa M23 katikati ya Februari mwaka huo, majuma matatu baada ya Goma. Serikali yetu inakanusha kuwa nyuma ya M23. Wataalamu wa Umoja wa Mataifa wameandika vingine. Na katika Matonge hakuna anayesubiri kusoma ripoti. Mimi nilikuwa nimesukwa nusu ya kichwa, nusu nyingine imesimama wima. Katika hali hiyo huwezi kuondoka, wala huwezi kufukuzwa.

Akaendelea kusuka. Kwa muda alikuwa haongei nami, anapitisha mafuta kwa kidole, anagawa nywele kwa mkia wa kitana, anavuta. Halafu akasema, kama anayeendeleza mazungumzo yaliyokuwa yakiendelea kichwani mwake: "Dada yangu iko Bukavu. Banki ilifunga yote. Akitaka franga, anavuka Kamembe."

Kamembe ni Rwanda. Sikujua kama nilikuwa nalaumiwa au napewa habari ya kawaida ya mtu anayetafuta pesa zake mahali zilipo. Nikasema pole, mama. Akasema inama, mwana, nikainama.

Baadaye, mistari ilipofika nyuma ya sikio, alinisimulia mwenyewe kwamba alipokuwa msichana walikuwa wakivuka daraja la Ruzizi Jumamosi, yeye na wenzake, wananunua maziwa Kamembe, wanatazama nguo, wanarudi kabla ya jua kali. "Tulikuwa tunaenda bure," akasema. "Kutembea tu." Na nikiwa nimeinamisha kichwa, nikitazama viatu vyake na kile kijitabu cha hesabu cha mtoto, niliwaona wakubwa zangu wakishuka kwenye basi la Bujumbura. Walikuwa kizazi kimoja, yeye na wao. Walikuwa na wikendi.

Mwanamke wa kiti cha pili alisema jambo kwa Kilingala, wengine wakacheka. Msusi wangu akamjibu kwa maneno mawili, kicheko kikakatika. Sijui alisema nini na sikuuliza. Tulipomaliza mchana ulikuwa umekwisha kabisa. Hakunipunguzia hata euro moja ya bei tuliyokubaliana, nami sikuomba. Alichovya ncha kwenye maji ya moto, akazikamua kwa taulo, akaniambia nisioshe kwa wiki mbili na nilale na kitambaa.

Basi Jumamosi yangu ya Brussels ilikuwa kiti. Jioni iliyobaki niliitumia kama wanavyoitumia wenzangu. Nilikwenda Grand-Place, uwanja uliobomolewa kwa mizinga ya Ufaransa mwaka 1695 na vyama vya mafundi na wafanyabiashara vikaujenga upya kwa miaka michache, kila chama kikishindana na jirani yake kwa dhahabu ya ukutani. Nilikwenda kumtazama Manneken Pis, yule mtoto wa shaba anayekojoa. Watu hulalamika kwamba ni mdogo mno; hafiki sentimita 60, na sanamu ya asili imehifadhiwa kwenye makumbusho ya mji, huyu wa nje ni nakala. Mimi alinifurahisha kupita kiasi. Anavalishwa nguo za sherehe, ana zaidi ya suti 1,000, na umati wa watu wazima unamsubiri kwa heshima. Nilikuwa nimekulia na picha nyingine ya Brussels, yenye mihuri na amri. Mji unaomweka mtoto anayekojoa mahali pa fahari yake ni mgumu kuuogopa.

Nikala chipsi nimesimama kibandani, na mayonesi, kama zinavyoliwa Kicukiro kando ya mishikaki ya mbuzi. Nadhani hiyo ni mojawapo ya tabia chache za Wabelgiji tulizozichukua kwa hiari. Mvua ikaanza. Nilikuwa na mfuko wa nailoni uliobeba kilo tano za unga wa muhogo, nikauweka chini, nikavua koti nikafunika rasta mpya. Kulowa mwili si kitu.

Jumapili asubuhi nilipita Schuman, kuliona jengo la Berlaymont, makao ya Kamisheni ya Ulaya, inakotoka sehemu kubwa ya sheria zinazoniruhusu kuzurura. Siku ya mapumziko hakuna cha kuona: vioo, bendera, na familia moja ya watalii inayotafuta jua. Mbele kidogo kuna tao la Cinquantenaire, lililokamilika 1905, na ukishuka barabara pana inayotokea hapo unafika Montgomery, kituo cha tramu namba 44. Tramu hiyo inakwenda Tervuren, yaliko makumbusho ya Afrika. Nilikuwa na saa tatu kabla ya treni, nikapanda. Wajibu wa wenzangu haukunituma. Nilitaka kupanda tramu, kwa kuwa Kigali hatuna, na hii inakatisha msituni kwa sehemu ya mwisho ya njia, majani yanagusa madirisha.

Mwaka 1897, wakati wa maonyesho makubwa ya Brussels, Wakongo 267 waliletwa kwa meli, na wengi wao wakawekwa katika vijiji vya kuigiza kando ya maji ya bustani ya Tervuren ili watazamwe. Hali ya hewa ilikuwa ya baridi na mvua. Saba walifariki. Makaburi yao yako kando ya ukuta wa kanisa la mji huo, mawe saba yamelala sambamba, na nilipofika ibada ilikuwa inaendelea ndani, kinanda kinasikika. Nilisimama kidogo. Mama mmoja mwenye mbwa alinisalimia kwa Kiholanzi. Makumbusho, yaliyofunguliwa upya Desemba 2018 baada ya ukarabati wa miaka mitano, yalikuwa mwendo mfupi kutoka hapo na foleni haikuwa ndefu.

Sikuingia. Najua yaliyomo yanatuhusu, na baadhi ya wataalamu wake wamefanya kazi ya maana na wenzao wa Kigali. Lakini kuingia siku ile kungekuwa kumaliza, kuweka alama ya vema kwenye orodha ya wenzangu. Makumbusho yatakuwepo. Tiketi ya mwezi, tiketi ya Aachen, tramu: nikitaka nitarudi mwezi ujao, au nisirudi. Wale saba, na Salim bin Abakari, na mtu yeyote aliyewahi kuletwa Ulaya kwa ratiba ya mwingine, hawakupata nafasi ya kusema hivyo.

Wepesi wangu nao una mipaka yake, tusidanganyane. Tangu 16 Septemba 2024 Ujerumani imerudisha ukaguzi kwenye mipaka yake yote ya nchi kavu. Pale Aachen askari wawili walipanda behewa letu. Waliwapita waliolala, wakaniomba karatasi mimi na kijana mmoja Mwafghani aliyekuwa akila ndizi. Picha ya kibali changu ilipigwa nikiwa na nywele fupi. Askari mdogo akaitazama, akanitazama, akaitazama.

"Ulikwenda kufanya nini Brussels?"

"Kusuka nywele."

"Na nini zaidi?"

"Basi."

Hakuridhika. Akaonyesha mfuko wa nailoni. Nikamwambia ni unga wa muhogo, wa ugali. Akaufungua, akaunusa, akamwita mwenzake, naye akaunusa. Unga mweupe, kilo tano, hauna nembo. Muhogo uliovundikwa una harufu ambayo haifanani na kitu kingine duniani, na nadhani hiyo ndiyo iliyonitetea. Kijana wa ndizi walimshusha pamoja na begi lake. Treni ilipoondoka alikuwa bado jukwaani, anatafuta kitu mfukoni.

Jikoni bwenini waliniuliza Brussels ilikuwaje. Nikasema nzuri, chipsi rahisi. Nikachemsha maji ya ugali.

Sasa zamu imegeuka. Mpoland, aliyekwishamaliza Paris na Lisbon, anakuja kwetu. Sokwe wa milimani hatawaona, kwa sababu kibali cha kuwatazama ni dola 1,500, lakini ana siku mbili Kigali kabla ya kuunganisha ndege kwenda Zanzibar. Viza hakuiwazia hata kidogo, na hakuna sababu: tangu 2018 raia wa nchi yoyote anapewa viza Kanombe akishatua, anailipia dirishani. Mdogo wangu wa Niboye akitaka kumtembelea Warsaw kwa siku mbili, atapeleka taarifa za benki, barua ya mwaliko, bima, uthibitisho wa hoteli na euro 90 ambazo hazirudishwi akinyimwa. Hilo Mpoland hakulijua. Nilipomweleza alinyamaza, kisha akaniomba orodha ya mambo ya kufanya Kigali.

Nimeiandika mara mbili. Ya kwanza ilikuwa ndefu na ya kizalendo, nikaifuta. Ya pili inasema: shuka Kanombe, panda pikipiki, vaa kofia ngumu, mwambie dereva Kicukiro Centre. Kula mishikaki na ndizi za kuchoma, pilipili ya Akabanga tone moja tu, usijifanye shujaa. Jioni panda Rebero uone taa za vilima. Jumapili kuna kriketi Gahanga kama unaielewa, mimi siielewi. Akauliza kama ni lazima aende kwenye ukumbusho wa Nyanza, maana amesoma. Nikamwambia si lazima, uko njiani kuelekea Gahanga, mlango u wazi, akipenda ashuke.

Nikaongeza jambo moja, kwa kuwa ndege yake inatua alfajiri ya Jumamosi ya mwisho wa mwezi. Hiyo ni siku ya umuganda. Kuanzia saa mbili hadi saa tano maduka yamefungwa, magari hayatembei, na mtaa mzima uko nje unafyeka majani na kuzibua mitaro. Kwa hiyo akifika mapema asitafute usafiri, atafute kivuli, au ajiunge na walio karibu. Amejibu jana usiku. Anataka kujua kama jembe atapewa huko au aje nalo.